Ulaji wa wanga kidogo na mazoezi ya nguvu: Nafasi ya ugali kwa anayenyanyua vyuma Nyanda za Kati

Jiji la Dodoma limebadilika kwa kasi tangu Serikali ilipoanza kutekeleza mwaka 2016 uamuzi wa kuhamia Makao Makuu, uamuzi uliofikiwa mwaka 1973. Maelfu ya watumishi wa umma wameongezeka, na pamoja nao zimeongezeka kazi za kukaa kitini kutwa, safari za gari na milo ya haraka. Vilevile, kumbi za mazoezi na vikundi vya kukimbia vimekuwa sehemu ya maisha ya asubuhi na jioni, hasa baada ya Desemba 2016, ambapo Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi kwa ajili ya kujikinga na magonjwa yasiyoambukiza.

Msukumo huo una sababu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulionesha kuwa asilimia 9.1 ya watu wazima waliopimwa walikuwa na kisukari, na takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wataalamu wa afya wameitikia kwa kutoa elimu kwa umma. Miongoni mwao ni Profesa Mohamed Janabi, aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na Hospitali ya Taifa Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani, Kanda ya Afrika. Kwa miaka kadhaa amewahimiza wananchi kupunguza sukari na vyakula vya wanga na kula kwa kiasi.

Elimu hiyo imezaa swali miongoni mwa wanaofanya mazoezi ya nguvu. Je, anayenyanyua vyuma anaweza kupunguza ugali, wali na chapati bila kupoteza nguvu alizozitolea jasho? Makala haya yanaeleza yanayofahamika kisayansi, na namna yanavyohusiana na chakula cha Dodoma, Singida na maeneo ya jirani.

Maana ya wanga kidogo

Mtu mzima kwa kawaida hupata karibu nusu ya nishati yake au zaidi kutoka katika wanga. Wataalamu wengi huita ulaji wa wanga kidogo ule ambao mtu hapati zaidi ya gramu 130 za wanga kwa siku. Ukishuka chini ya takriban gramu 50, ini huanza kutengeneza ketoni kwa wingi kutokana na mafuta, na ulaji huo huitwa wa keto.

Kwa mlaji wa ugali, viwango hivyo ni vidogo kuliko vinavyosikika. Gramu 200 za unga mkavu wa mahindi, kiasi ambacho mtu mwenye kazi ngumu hukimaliza kwa mlo mmoja, zina takriban gramu 150 za wanga. Sahani hiyo peke yake inavuka kikomo cha siku nzima.

Ulaji huu si jambo jipya. Mwaka 1863, William Banting, mkazi wa London, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopunguza uzito kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Mwaka 1921, Dkt. Russell Wilder wa Mayo Clinic, nchini Marekani, alipendekeza mlo wa keto kuwa tiba ya kifafa, na hadi leo hutumika kwa baadhi ya watoto ambao dawa hazijawasaidia, chini ya uangalizi wa daktari. Mwaka 1972, Dkt. Robert Atkins aliueneza ulaji wa namna hiyo kwa umma wa Marekani kupitia kitabu chake. Kwa hiyo, chimbuko lake ni tiba na kupunguza unene. Masuala ya nguvu za misuli yalikuja baadaye.

Msuli unavyopata nishati

Msuli una njia tatu kuu za kupata nishati. Ya kwanza ni akiba ya fosfokreatini iliyomo ndani ya msuli wenyewe. Hutoa nishati kwa haraka sana, lakini hudumu kwa sekunde 10 hivi. Ya pili ni glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini, ambayo huvunjwa haraka hata oksijeni inapokuwa haitoshi. Ya tatu ni kuunguza mafuta na wanga kwa kutumia oksijeni. Njia hii hudumu kwa saa nyingi, ila ni ya polepole.

Mwanamichezo anayenyanyua uzito mkubwa kabisa mara moja au mbili hutegemea zaidi njia ya kwanza. Ndiyo maana mtu aliyepunguza wanga anaweza kunyanyua kilo zilezile alizozizoea. Anayerudia zoezi mara 10 au 12, akapumzika kidogo na kuanza tena, huingia katika njia ya pili. Vipimo vya misuli vimeonesha kuwa mizunguko kadhaa ya namna hiyo inaweza kutumia robo ya glaikojeni ya msuli husika au zaidi.

Mwili wa mtu mzima huhifadhi takriban gramu 400 hadi 500 za glaikojeni katika misuli, na gramu 100 hivi katika ini. Kila gramu huambatana na takriban gramu tatu za maji. Hivyo, anayeacha wanga ghafla hupungua kilo moja au mbili katika siku chache za mwanzo, na sehemu kubwa ya upungufu huo ni maji. Akirudia ugali, uzito huo hurudi, na hilo halimaanishi kuwa amenenepa.

Utafiti unaonesha nini

Mwaka 2012, watafiti wa Italia wakiongozwa na Antonio Paoli waliwafuatilia wanamichezo wanane wa jimnastiki wa kiwango cha juu. Walikula mlo wa keto wenye protini nyingi kwa siku 30. Mafuta ya mwili yalipungua kwa takriban kilo 1.9, na nguvu zao hazikubadilika.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti kuhusu wanyanyua uzito wa mashindano, ambapo kila mmoja alikula mlo wa kawaida kwa miezi mitatu na mlo wa wanga kidogo sana kwa miezi mitatu. Kilo walizonyanyua hazikutofautiana. Hata hivyo, katika kipindi cha wanga kidogo uzito wao ulikuwa pungufu kwa takriban kilo 3.3, na kilo 2.3 kati ya hizo hazikuwa mafuta. Mwaka huohuo, utafiti uliofanyika Hispania kwa wanaume 24 waliozoea mazoezi ulionesha kuwa, baada ya wiki nane, kundi la keto lilipunguza mafuta lakini halikuongeza misuli, ilhali kundi lililokula wanga liliongeza misuli.

Mwaka 2022, Menno Henselmans na wenzake walipitia tafiti 49 kuhusu wanga na mazoezi ya nguvu. Walihitimisha kuwa, kwa mtu aliyekula chakula cha kutosha, kiasi cha wanga kina athari ndogo katika mazoezi yasiyozidi mizunguko 10 kwa kundi moja la misuli. Faida ya wanga ilionekana zaidi pale mazoezi yalipokuwa marefu kuliko hapo, au yalipofanywa mara mbili kwa siku.

Tafiti hizi nyingi zilihusisha watu wachache na kwa muda mfupi, lakini zinaelekea upande mmoja. Kupunguza wanga hakuondoi nguvu, na wala hakuziongezi. Kunaweza kusaidia kupunguza mafuta ya mwili. Kwa anayetaka misuli mikubwa, au anayefanya mazoezi marefu, kunaweza kumchelewesha.

Kinachojenga msuli ni mazoezi yenyewe, nishati ya kutosha na protini. Uchambuzi wa tafiti 49 nyingine, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha watu 1,863, ulionesha kuwa protini huongeza matokeo ya mazoezi ya nguvu hadi kufikia takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Zaidi ya hapo, faida haikuonekana wazi.

Mbio ndefu ni habari nyingine

Nyanda za Kati zinajulikana zaidi kwa wakimbiaji kuliko wanyanyua vyuma. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo mwaka 2025 kwa muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48.

Kwa wakimbiaji wa aina hiyo, ushahidi unaelekea kwenye wanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji mahiri wa Kenya ulionesha kuwa asilimia 76.5 ya nishati yao ilitoka katika wanga, ugali ukiwa miongoni mwa vyakula vyao vikuu. Mwaka 2017, Louise Burke na wenzake nchini Australia waliwafuatilia wanamichezo wa kutembea kwa kasi. Waliokula wanga kidogo na mafuta mengi walilazimika kutumia oksijeni nyingi zaidi kwa mwendo uleule, na muda wao wa kilomita 10 haukuboreka kama wa wenzao. Anayejiandaa kwa mbio ndefu, kwa hiyo, hapaswi kuiga mlo wa rafiki yake wa ukumbi wa vyuma.

Somo la mfugaji na mkulima

Afrika Mashariki ilitoa mmoja wa mifano ya mwanzo ya utafiti kuhusu chakula na nguvu za mwili. Mwaka 1931, John Boyd Orr na John Gilks walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya Kenya, wakilinganisha Wamasai, waliokula zaidi maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka, viazi na mikunde. Wanaume wa Kimasai walikuwa warefu zaidi kwa wastani wa sentimita 13 hivi, wazito zaidi kwa takriban kilo 10, na nguvu zao kwa kipimo cha mkono zilizidi kwa nusu. Orr baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Matokeo hayo huelezwa mara nyingine kama ushahidi kwamba kuacha nafaka huleta nguvu. Maelezo hayo hayatoshi. Waliolinganishwa walitofautiana tangu utotoni katika protini, madini ya kalsiamu, maradhi na mazingira. Aidha, maziwa yana wanga wake. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takriban gramu 48 za sukari ya maziwa, hivyo kijana anayekunywa lita tatu kwa siku hupata zaidi ya gramu 140 za wanga, kiasi kinachovuka kikomo cha ulaji wa wanga kidogo. Jambo lililo dhahiri zaidi ni wingi wa protini iliyo bora katika chakula cha mfugaji.

Somo hilo linaieleweka Nyanda za Kati, ambako Wagogo, Warangi, Wanyaturu na majirani zao wamelima na kufuga kwa pamoja tangu zamani. Ugali wa uwele au mtama uliliwa na mlenda, maziwa mgando, kunde, na nyama ilipopatikana. Nafaka ilileta nishati. Maziwa, mikunde na nyama vilileta kilichojenga mwili.

Uwele, mtama na sembe

Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, kwa kawaida milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na mahindi mara nyingi hukauka kabla ya kukomaa. Uwele na mtama huvumilia hali hiyo. Kituo cha Hombolo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kimekuwa kitovu cha utafiti wa nafaka hizo. Miongoni mwa mbegu zinazofahamika kwa wakulima ni uwele wa Okoa na Shibe, zilizoidhinishwa mwaka 1994, na mtama wa Macia, ulioidhinishwa mwaka 1999.

Kwa wanga pekee, nafaka hizi hazitofautiani sana na mahindi. Gramu 100 za unga wa uwele zina takriban gramu 70 za wanga, lakini pia zina gramu 11 hivi za protini, pamoja na madini ya chuma na nyuzinyuzi zaidi ya sembe, ambayo hupoteza pumba na kiini inapokobolewa. Protini ya mtama hupungua uyeyushwaji inapopikwa ugali. Kuloweka na kuchachusha unga, kama inavyofanyika katika togwa na uji mchachu, husaidia kuirejesha kwa kiasi.

Hivyo, mtu anayetaka kupunguza wanga ana mahali pa kuanzia kabla ya kugusa ugali wa uwele. Soda, chai yenye vijiko vingi vya sukari, maandazi na sembe iliyokobolewa huleta wanga bila kuleta protini ya maana.

Sahani moja, hesabu mbili

Mfano wa mtu mwenye kilo 70 unaonesha jambo hili kwa uwazi. Kwa kiwango cha gramu 1.6, anahitaji takriban gramu 112 za protini kwa siku. Vyakula vinavyopatikana katika masoko ya Dodoma vinaweza kumfikisha huko:

– Mayai matatu: gramu 18 za protini.
– Nusu lita ya maziwa mgando: gramu 16.
– Gramu 200 za nyama isiyo na mafuta mengi, ikipimwa mbichi: gramu 42.
– Gramu 50 za karanga: gramu 13.
– Gramu 80 za kunde au maharage, yakipimwa makavu: gramu 18.

Jumla ni gramu 107 za protini, na wanga ni takriban gramu 80. Huo tayari ni ulaji wa wanga kidogo. Akiongeza ugali uliosongwa kwa gramu 150 za unga wa uwele, protini hufika gramu 123, na wanga hupanda hadi takriban gramu 180. Nishati nayo huongezeka kwa zaidi ya kilokalori 500.

Milo yote miwili inaweza kumjenga anayefanya mazoezi mafupi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki. Mwenye lengo la kupungua anaweza kuchagua wa kwanza, akiongeza mboga za majani na mafuta kiasi, kama ya alizeti ya Singida. Anayefanya mazoezi marefu, anayelima au kubeba mizigo mchana, au anayetaka kuongeza misuli, atanufaika zaidi na wa pili. Ugali huo unaweza kupangwa karibu na muda wa mazoezi, ambapo msuli unauhitaji zaidi.

Hatari iko katika hesabu ya tatu, ambayo ndiyo ya wengi. Katika kaya nyingi, ugali hubeba sehemu kubwa ya nishati na pia ya protini ya siku. Mtu akiuondoa bila kuongeza mayai, maziwa, nyama, dagaa au mikunde, anabaki na mboga na chai. Huo si ulaji wa wanga kidogo, ni upungufu wa chakula. Mizani itashuka, lakini kitakachopungua ni pamoja na misuli aliyokusudia kuijenga. Kwa wazee hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa misuli hupungua kwa umri, na udhaifu wa miguu huongeza hatari ya kuanguka na kuvunjika mifupa.

Wanaopaswa kumwona daktari kwanza

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyochochea insulini kama glibenklamidi, asipunguze wanga kabla ya kuonana na daktari wake. Dozi iliyopangwa kwa mlo wa ugali inaweza kushusha sukari ya damu kupita kiasi mlo unapobadilika, na mazoezi huishusha zaidi. Kutetemeka, jasho la ghafla na kuchanganyikiwa ni dalili za hatari. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini kwa hali yoyote.

Wenye maradhi ya figo wanahitaji ushauri kabla ya kuongeza protini. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wanaokua hawashauriwi kufuata mlo wa keto kwa hiari yao. Anayetumia dawa za shinikizo la damu naye apimwe mara kwa mara, kwa kuwa uzito na maji ya mwili vinapopungua, dozi inaweza kuhitaji kurekebishwa.

Kwa mtu mwenye afya njema, wiki ya kwanza huweza kuleta kichwa kuuma, uchovu na kukakamaa kwa misuli, kwa sababu figo hutoa maji na chumvi nyingi zaidi. Katika ukavu wa Dodoma, hasa Septemba hadi Novemba, maji ya kunywa yasipuuzwe. Mlenda, mchicha na majani ya kunde huzuia ukosefu wa choo unaotokana na upungufu wa nyuzinyuzi.

Pa kupata ushauri

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 24 ya mwaka 1973, ndiyo yenye dhamana ya kitaifa ya masuala ya lishe. Kila halmashauri ina ofisa lishe, na hospitali za rufaa, ikiwemo Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, hutoa huduma kwa wenye magonjwa yanayohitaji mpango maalumu wa mlo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kama kutembea kwa haraka. Mwongozo huo haumtaki mtu aache nafaka. Kwa mkazi wa Nyanda za Kati anayeanza mazoezi, hatua ya kwanza ni kuondoa sukari ya ziada na kuhakikisha kila mlo una chakula cha protini. Kipimo cha ugali kitafuata, kulingana na kazi anayoifanya na afya aliyonayo.